Kijalizo Bila Upatanisho: Programu-Jalizi za Sauti na Vichakataji vya Zamani vya Tarakilishi

Ikisiri

Makala haya yanachunguza kiini cha kutopatana kati ya programu-jalizi za sauti na vichakataji vya zamani vya tarakilishi. Hoja kuu ni kwamba matatizo ambayo watumiaji huyafumba kwa kauli moja, kuwa "mashine imezeeka", kwa hakika ni ya aina mbili zisizofanana. Aina ya kwanza hutokea pale ambapo kichakataji hakielewi agizo kilichopewa. Aina ya pili hutokea pale ambapo kichakataji kinalielewa agizo lakini hakiwahi kulitimiza kwa wakati. Tiba ya aina moja haiponyi nyingine. Makala yanafafanua chimbuko la kila aina, yanaonyesha namna ya kuitambua, na hatimaye yanaeleza ni kwa nini suala hili linawahusu wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili, hasa watafiti wa fasihi simulizi na waundaji wa istilahi.

1.0 Utangulizi

Shughuli ya kurekodi na kusafisha sauti, ambayo zamani ilifanyika katika studio kubwa pekee, sasa hufanyika katika tarakilishi ya kawaida. Mtafiti aliyerekodi ngano, nyimbo za jandoni au mawaidha ya wazee hana haja tena ya kumtafuta fundi ili kupunguza mvumo wa upepo, kuondoa mlio wa umeme au kuinua sauti ya msimulizi aliyeketi mbali na kinasasauti. Aghalabu kazi hizo hufanywa na programu ndogo zinazopachikwa ndani ya programu kubwa ya kuhariri sauti. Programu hizo ndogo ndizo zinazoitwa programu-jalizi.

Hata hivyo, si haba tarakilishi zinazotumiwa na wanafunzi na idara za lugha ambazo ni za umri mkubwa, au ambazo zilitumika kwingine kabla ya kuwafikia. Mtumiaji hupakua programu-jalizi iliyosifiwa, akaisakinisha bila tatizo, kisha akaifungua. Papo hapo programu nzima ya kuhariri inazimika na kutoweka kwenye skrini. Mwingine huiona programu-jalizi ikifunguka vizuri, lakini sauti inatoka ikiwa imejaa mikwaruzo na mikatiko. Wa tatu haioni kabisa katika orodha, ijapokuwa ana hakika kwamba aliisakinisha. Wote watatu hufikia uamuzi mmoja: mashine ni kongwe, itupwe.

Uamuzi huo una gharama. Idara inaweza kuiacha tarakilishi ambayo ingefaa kazi kwa miaka mingine mitano. Lililo baya zaidi, mtafiti anaweza kuacha rekodi za msimulizi ambaye hawezi kurekodiwa tena zikikaa bila kuhaririwa, kwa kudhani kwamba hana chombo. Ndiyo maana ni muhimu kujua kwa hakika ni nini hasa kinachoshindikana.

2.0 Dhana ya Programu-Jalizi

Istilahi "programu-jalizi" imeundwa kutokana na kitenzi "jaliza", chenye maana ya kujaza kitu hadi kitimie. Mwanafunzi wa sarufi analifahamu shina hili kupitia istilahi "kijalizo". Katika sentensi "Asha ni mwalimu", neno "mwalimu" ni kijalizo kwa kuwa linajaza nafasi iliyoachwa wazi na kitenzi kishirikishi. Likitolewa, sentensi hubaki ikining'inia. Vilevile neno hilo haliwi kijalizo likiwa peke yake. Linakuwa kijalizo kwa sababu ya muundo uliolipokea.

Programu-jalizi ya sauti ina hulka iyo hiyo. Haijitegemei. Huhitaji programu nyingine ya kuipokea, ambayo hapa itaitwa programu mwenyeji. Mwenyeji huipa mgeni wake mafungu ya sauti, mgeni akayafanyia kazi na kuyarudisha. Ili mapokezi haya yafanyike, sharti pande zote mbili zifuate kaida moja. Kaida iliyoenea zaidi ni VST, iliyotolewa mwaka wa 1996 na kampuni ya Steinberg ya jijini Hamburg, Ujerumani, pamoja na programu yake ya Cubase. Toleo la tatu la kaida hiyo lilitoka mwaka wa 2008. Watumiaji wa tarakilishi za Apple wana kaida ya Audio Units, nao watumiaji wa Linux walipata LADSPA mwaka wa 2000 na baadaye LV2.

Kuna jambo moja ambalo hueleza mengi. Kwa kawaida programu-jalizi haiendeshwi katika nyumba yake. Huendeshwa ndani ya nafasi ile ile ya kumbukumbu inayotumiwa na programu mwenyeji. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika hali hii mambo huweza kwenda kinyume: mgeni akianguka, humwangusha mwenyeji wake. Ndiyo sababu mtumiaji huona programu nzima ya kuhariri ikitoweka, akailaumu, ilhali kosa limetokea ndani ya programu-jalizi.

Kwa hiyo programu-jalizi inatakiwa kupatana na vitu viwili kwa wakati mmoja: programu mwenyeji iliyoipokea, na kichakataji kinachotekeleza maagizo yake. Upatanisho wa kwanza hushughulikiwa na kaida kama VST. Upatanisho wa pili ndio unaosahaulika, na ndio kiini cha makala haya.

3.0 Msamiati wa Kichakataji

Kila kichakataji kina idadi maalumu ya maagizo kinayoyaelewa: jumlisha, zidisha, linganisha, hamisha na mengineyo. Mkusanyiko wa maagizo hayo unaweza kufananishwa na msamiati wa mzungumzaji. Vichakataji vingi vya tarakilishi za mezani na za mapajani ni vya ukoo uitwao x86, ulioanza na kichakataji cha Intel 8086 mwaka wa 1978. Tangu wakati huo watengenezaji wamekuwa wakiongeza maagizo mapya kila baada ya miaka michache huku wakiyahifadhi yale ya zamani.

Kutokana na desturi hiyo, upatanifu wa ukoo huu ni wa upande mmoja. Kichakataji kipya huelewa programu ya zamani, lakini kichakataji cha zamani hakielewi maagizo yaliyozuka baada yake. Mfano wa karibu ni kamusi. Anayetumia toleo la 2004 la Kamusi ya Kiswahili Sanifu anaweza kusoma maandishi ya miaka ya 1980 bila shida kubwa. Anayetumia toleo la 1981 hawezi kukuta humo neno "tovuti" kwa maana ya ukurasa wa mtandaoni, kwa kuwa jambo lenyewe halikuwapo. Kamusi hiyo haijaharibika. Imepitwa tu na neno.

Usindikaji wa sauti ni miongoni mwa kazi zilizochochea nyongeza hizo. Sauti ya kiwango cha diski ya CD huwakilishwa kwa namba 44,100 kwa kila sekunde katika kila mkondo, na kila namba hufanyiwa hesabu ile ile. Badala ya kutoa agizo moja kwa kila namba, wahandisi waliunda maagizo yanayoshughulikia namba kadhaa kwa pamoja. Maagizo hayo hutumia vihifadhi vidogo vilivyo ndani ya kichakataji, viitwavyo rejista, ambavyo havina uhusiano wowote na rejista za lugha zinazofundishwa katika isimujamii. Hatua kuu za ukuaji huo ni hizi:

(a) MMX, mwaka wa 1997: maagizo 57 ya Intel yaliyoshughulikia namba nzima pekee.

(b) 3DNow!, mwaka wa 1998: maagizo ya kampuni ya AMD yaliyoanza na kichakataji cha K6-2 na kushughulikia namba zenye desimali.

(c) SSE, mwaka wa 1999: maagizo 70 yaliyokuja na Pentium III. Rejista zake zina upana wa biti 128, hivyo huweza kubeba namba nne za desimali zenye biti 32 kila moja.

(d) SSE2, mwaka wa 2000: maagizo 144 yaliyokuja na Pentium 4. Haya yaliongeza namba za desimali zenye usahihi wa biti 64.

(e) SSE3, mwaka wa 2004, kisha SSSE3 na SSE4 katika miaka michache iliyofuata.

(f) AVX, mwaka wa 2011: rejista zilipanuliwa hadi biti 256, yaani namba nane za biti 32 kwa agizo moja. AVX2 ilifuata mwaka wa 2013.

Orodha hii haipaswi kusomwa kama ngazi ambayo kila kichakataji huipanda kwa kufuata mwaka wa kuzaliwa. Athlon XP ya AMD ilitoka mwaka wa 2001, baada ya Pentium 4, lakini ilikuwa na SSE pekee bila SSE2. AMD ilipokea SSE2 katika Athlon 64 mwaka wa 2003. Phenom II ya AMD, iliyotolewa kuanzia mwishoni mwa 2008, ilikuwa na nguvu na baadhi ya matoleo yake yalikuwa na viini sita, ila haikuwa na SSSE3 wala SSE4.1. Kwa upande wa Intel, vichakataji vya bei nafuu vya Pentium na Celeron vya mezani viliendelea kuuzwa bila AVX hata katika kizazi kilichotoka mwaka wa 2020. Umri, basi, ni kidokezo tu. Ushahidi ni msamiati wenyewe.

4.0 Aina za Kutopatana

4.1 Kichakataji kisichoelewa

Mwandishi wa programu-jalizi huandika kwa lugha ya kiwango cha juu, kisha hutumia kompaila, yaani programu inayotafsiri maandishi yake kuwa maagizo ya kichakataji. Kompaila huulizwa itumie msamiati wa kiwango gani. Ikiruhusiwa kutumia SSE2, itaisambaza kote katika tafsiri yake. Programu hiyo ikifikishwa kwa Pentium III au Athlon XP, kichakataji kitatekeleza maagizo kwa utulivu hadi kitakapokutana na agizo la kwanza la SSE2. Hapo husimama. Hakikisii maana wala hakiliruki neno kama afanyavyo msomaji wa kawaida. Huuarifu mfumo endeshi, nao huifunga programu nzima. Katika Windows tukio hili huandikwa kwa msimbo 0xC000001D.

Wakati mwingine hata mwandishi wa programu hakukusudia kuwatenga watumiaji wa zamani. Kompaila ya Visual C++ ya Microsoft, katika toleo la 2012, ilianza kutumia SSE2 kwa programu za biti 32 pasipo kuambiwa. Mwandishi aliyehamia toleo hilo bila kubadili mpangilio alitoa programu-jalizi ambayo kwake haikuwa na tofauti yoyote na ile ya awali, kumbe ilikuwa imefunga mlango kwa mashine zote zisizo na SSE2. Hapa ndipo panapoelezeka lile fumbo la watumiaji wengi: toleo la zamani la programu-jalizi linafanya kazi, toleo jipya lenye sura ile ile linazimika.

4.2 Tofauti ya biti 32 na biti 64

Kichakataji cha biti 32 huweza kutaja anwani 4,294,967,296 za kumbukumbu, yaani gigabaiti nne, na programu zake hupangwa kwa kipimo hicho. AMD ilianzisha upanuzi wa biti 64 katika ukoo wa x86, nao umekuwa kawaida. Programu ya biti 64 haiwezi kutekelezwa kamwe na Pentium III au Athlon XP. Isitoshe, hata katika kichakataji kipya, programu mwenyeji ya biti 64 haiwezi kuipokea moja kwa moja programu-jalizi ya biti 32 ndani ya nafasi yake ya kumbukumbu, wala ya biti 32 haiwezi kuipokea ya biti 64.

Dalili yake ni tofauti na ile ya awali. Hakuna kuzimika ghafla. Programu-jalizi haionekani tu katika orodha. Baadhi ya programu wenyeji ziliweka daraja la kuunganisha pande hizo mbili, lakini madaraja hayo yamekuwa yakiondolewa. Cubase 9, iliyotolewa mwaka wa 2016, ilikuwa ya biti 64 pekee. Apple nayo iliacha kabisa kuendesha programu za biti 32 katika macOS Catalina ya mwaka wa 2019.

4.3 Tofauti ya ukoo

Yapo pia matukio ambapo msamiati wote hubadilika. Hadi mwaka wa 2006 tarakilishi za Apple zilitumia vichakataji vya PowerPC, ambavyo vilikuwa na maagizo yao ya kushughulikia namba nyingi kwa pamoja, yaitwayo AltiVec, tangu mwaka wa 1999. Apple ilipohamia Intel, iliweka mkalimani aitwaye Rosetta wa kutafsiri maagizo ya PowerPC. Mkalimani huyo aliondolewa katika Mac OS X Lion mwaka wa 2011. Mwaka wa 2020 Apple ilihama tena, safari hii kwenda kwenye vichakataji vyake vya M1, na mkalimani mwingine, Rosetta 2, akawekwa. Funzo la historia hii ni bayana: mkalimani ni msaada wa muda. Kazi inayomtegemea siku zote iko hatarini.

4.4 Kichakataji kisichowahi

Aina zilizotajwa hadi hapa zinahusu kutoelewana. Kutowahi ni jambo jingine kabisa. Programu mwenyeji huipa programu-jalizi sauti kwa mafungu. Fungu la sampuli 256 katika kiwango cha 44,100 kwa sekunde huchukua takriban milisekunde 5.8 kuchezwa. Kazi yote ya fungu linalofuata lazima ikamilike ndani ya muda huo. Ikichelewa, spika hukosa cha kutoa, na msikilizaji husikia mkwaruzo au mkatiko. Kichakataji hapa kimeelewa kila agizo; kilichokosekana ni muda.

Chanzo kimoja cha kutowahi huwashangaza wengi kwa sababu hujitokeza wakati wa ukimya. Programu-jalizi ya kuongeza mwangwi huzidisha sauti kwa namba iliyo chini ya moja, tena na tena, ili mwangwi ufifie. Msimulizi anaponyamaza, namba huzidi kudogoka hadi zikafikia chini ya takriban 1.18 × 10⁻³⁸, ambapo haziwezi tena kuandikwa kwa muundo wa kawaida wa desimali za biti 32. Vichakataji vingi hushughulikia namba hizo kwa njia ya pekee iliyo ya polepole mno, na Pentium 4 ilijulikana kwa kulemewa nazo. Matokeo yake ni kinaya: tarakilishi inayosindika wimbo wa ngoma bila taabu huanza kutatizika pindi ngoma zinaponyamaza. Namba zinazoilemea ni ndogo kiasi kwamba hakuna sikio liwezalo kuzisikia.

Dawa ilikuja pamoja na SSE, ambayo ina uwezo wa kugeuza matokeo madogo ya aina hiyo kuwa sufuri. Kwa mashine zisizokuwa na uwezo huo, waandishi wa programu waliongeza kelele ndogo mno isiyosikika ili namba zisifikie kiwango hicho. Programu-jalizi isiyochukua tahadhari yoyote kati ya hizi itaielemea hata mashine yenye nguvu kiasi.

5.0 Utambuzi na Tiba

Kutokana na uchanganuzi huu, mtumiaji anaweza kuanza na dalili na kufuata hatua chache kabla ya kuihukumu mashine.

Kwanza, programu-jalizi isipoonekana katika orodha, achunguze biti. Je, programu mwenyeji, programu-jalizi na mfumo endeshi ni vya biti 32 au 64? Mara nyingi watengenezaji hutoa matoleo yote mawili, na tatizo huisha kwa kupakua lile linalofaa.

Pili, programu mwenyeji ikizimika punde tu programu-jalizi inapofunguliwa au inapoanza kusindika, achunguze msamiati wa kichakataji. Katika Windows, programu ya bure ya CPU-Z huonyesha orodha ya maagizo yanayoeleweka. Katika Linux, orodha hiyo imo katika faili ya /proc/cpuinfo. Mtumiaji asishangae kutoiona SSE3 humo: Linux huiandika "pni", kifupi cha jina lililotumiwa kabla ya jina rasmi kutangazwa. Huu ni mfano mzuri wa kisawe kilichosalia katika matumizi baada ya neno sanifu kupatikana. Orodha hiyo ilinganishwe na mahitaji yaliyotajwa na mtengenezaji. Agizo likikosekana, hakuna kiasi cha kumbukumbu kitakachoongezwa wala mpangilio utakaobadilishwa ili kulileta. Tiba ni kutafuta toleo la awali la programu-jalizi hiyo, au nyingine inayofanya kazi ile ile kwa msamiati mdogo. Programu ya kuhariri sauti ya Audacity, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka wa 2000, ina zana zake yenyewe za kupunguza kelele na kusawazisha sauti, na kwa kazi nyingi za utafiti hizo hutosha.

Tatu, sauti ikitoka kwa mikwaruzo, achunguze muda. Fungu la sampuli likiongezwa kutoka 256 hadi 1,024, muda wa kazi huongezeka hadi takriban milisekunde 23. Ucheleweshaji huo humkera mwanamuziki anayepiga ala na kujisikiliza papo hapo, lakini haumdhuru mhariri wa ngano iliyokwisha kurekodiwa. Aidha, anaweza kuacha kusikiliza moja kwa moja na kuiagiza programu itoe faili iliyokamilika. Katika utaratibu huo hakuna spika inayosubiri, na mashine ya polepole hutoa matokeo sawa na ya mashine ya kasi. Tofauti ni muda wa kungoja.

Waandishi wa programu nao wana wajibu wao. Tangu miaka ya 1990 vichakataji vya x86 vimekuwa na agizo liitwalo CPUID, ambalo programu hulitumia kukiuliza kichakataji kinaelewa nini. Programu iliyoandikwa kwa uangalifu huuliza kwanza, kisha huchagua njia: ya AVX kwa anayeielewa, ya SSE2 kwa mwingine, na ya kawaida kwa asiye na zote mbili. Huo ni ubadilishaji msimbo uliofanywa kwa adabu, kama mzungumzaji anayemsoma msikilizaji wake kabla ya kuchagua maneno. Na pale ambapo hakuna njia ya kawaida iliyoandaliwa, ujumbe unaosema "programu hii inahitaji kichakataji chenye SSE2" ni bora mara nyingi kuliko kuzimika kimya.

6.0 Umuhimu kwa Taaluma ya Kiswahili

Wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili wanaguswa na suala hili kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni uhifadhi wa fasihi simulizi. Programu nyingi za kuhariri huhifadhi kazi kama maelekezo: chukua rekodi hii, ipitishe katika programu-jalizi fulani, ongeza kiasi fulani. Maelekezo hayo hayana maana ikiwa programu-jalizi haipo. Mtafiti akistaafu au mashine yake ikifa, mrithi wake atafungua kazi hiyo katika tarakilishi yenye biti, ukoo au msamiati tofauti, na atakachokuta ni nafasi tupu palipokuwa na kijalizo. Kwa hiyo ni busara kuhifadhi vitu viwili sambamba: rekodi ghafi isiyoguswa, na nakala iliyohaririwa ikatolewa kamili katika faili ya WAV. Faili hiyo haihitaji SSE wala AVX. Ni namba za sauti tu, na mashine ya kale kama ya kesho itaweza kuzisoma. Sauti ya mzee aliyekwisha kuaga dunia haipaswi kutegemea uhai wa programu-jalizi.

Njia ya pili ni istilahi. Juhudi za kuingiza Kiswahili katika tarakilishi zina historia. Mwaka wa 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Kazi hiyo iliwapa watumiaji maneno ya mambo yanapokwenda sawa: fungua, hifadhi, chapa. Bado kuna haja ya maneno ya mambo yanapoharibika. Ujumbe wa Kiingereza unaotolewa kichakataji kinapokutana na agizo kisicholijua hulipa agizo hilo sifa ya kuvunja sheria. Ukitafsiriwa sisisi, utakuwa "agizo haramu" au "agizo lisilo halali", na msomaji wa Kiswahili ataelewa kwamba amefanya kosa, pengine kwamba programu yake ni ya wizi. Hakuna haramu iliyotendeka. Agizo ni zuri, ila kichakataji hakilijui. "Agizo lisilotambulika" lingemwelekeza mtumiaji kwenye chanzo halisi na tiba yake.

Mfano huu unaonyesha kwamba uundaji wa istilahi hauwezi kukamilika kwa kulikabili neno la kigeni pekee. Mwanaistilahi analazimika kukijua kitu chenyewe, jinsi kinavyofanya kazi na jinsi kinavyoshindwa. Vivyo hivyo, "upatanifu" ni istilahi inayofaa kwa sababu inamkumbusha msemaji wa Kiswahili jambo analolijua tangu utotoni: kwamba maneno mawili, kila moja likiwa sahihi, yanaweza kukataana katika sentensi moja. Anayesema "kitabu yangu" ametumia maneno mawili mazuri. Kilichokosekana ni upatanisho.

7.0 Hitimisho

Makala haya yamebainisha kwamba programu-jalizi ya sauti inaweza kushindwa katika tarakilishi ya zamani ama kwa sababu kichakataji hakielewi maagizo yake, ama kwa sababu hakiwahi kuyatimiza. Kutoelewa husababishwa na maagizo mapya, tofauti ya biti au tofauti ya ukoo, na tiba yake ni kutafuta programu inayozungumza kwa msamiati wa mashine iliyopo. Kutowahi hutokana na ufinyu wa muda au hesabu za namba ndogo mno, na tiba yake ni kuongeza muda au kutoa faili bila kusikiliza papo hapo. Anayetenganisha mambo haya mawili ataokoa mashine ambazo zingetupwa, na rekodi ambazo zingeachwa. Wanafunzi wa Kiswahili wana nafasi ya pekee hapa: wao ndio watafiti wanaozihitaji zana hizi, na wao ndio watakaoamua ikiwa mtumiaji wa kesho ataelezwa tatizo lake kwa maneno yanayomwelekeza au yanayompoteza.